Skrini Ilisema Kuna Mwanga

Jumapili, 1 Juni
Pacha amerudisha kamera yangu. Hatuna udugu wowote. Darasani walituita mapacha kwa vile hatuachani, na jina likamganda yeye. Aliiazima akapige picha kwenye studio ya binamu yake. Nimeirudishia lenzi ya Mjomba, ile kuukuu inayoshikiliwa na adapta. Haisemezani kabisa na kamera, kila kitu nafanya mwenyewe: skrini ikiwa na giza, nazungusha pete ya lenzi kuifungua hadi mwanga utoshe. Napenda hivyo.

Jumatano tunamuaga mkutubi wetu. Mwalimu wa klabu ya picha amekubali nipige mimi. Niliomba kwa karatasi — mdomo ulinikauka.

Jumatano, 4 Juni
Nimeharibu.

Ukumbini skrini iling'aa hata nilipoifunga pete. Nikafurahi, nikaifunga zaidi ili sura za mbele na za nyuma zitoke safi. Betri ilikuwa inaelekea kuisha, sikurudi kutazama hata picha moja. Nyumbani — nyeusi. Zote. Mkutubi anakumbatiwa gizani. Anafuta machozi gizani. Na kesho anahama mji.

Pacha alikuwa bega kwa bega nami, na simu yake.

Alhamisi, 5 Juni
Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Pacha akaiambia klabu nzima eti alishanionya, vyuma chakavu ni vya kupambia kabati. Wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Picha za simu yake ndizo zitakazobandikwa, na mahafali atapiga yeye.

Jioni nilimpigia Mjomba. Fungua menyu, akasema. Kuna sehemu inayoifanya skrini ionyeshe picha itakavyotoka. Nikaikuta imezimwa. Basi skrini inajiangazia yenyewe, akasema, haijali umefunga pete au umefungua. Akauliza nani alitumia flashi za studio, maana wapiga picha wa studio huizima sehemu hiyo, la sivyo hawaoni kitu kwenye skrini kabla flashi haijawaka.

Nilishajua.

Ijumaa, 6 Juni
Nilimuuliza Pacha kwenye ngazi. Nilidhani atasema alisahau tu kuiwasha tena. Maneno ya kumsamehe nilikuwa nimeshayapanga. Kweli alisahau, akasema. Ila alikumbuka palepale ukumbini, nilipoanza kupiga.

Sasa mbona hukuniambia?

Akatazama viatu vyake. Siku ile kila mtu alikuwa anakutazama wewe, mwenzangu. Nami nilitaka kidogo.

Kidogo!

Jumamosi, 7 Juni
Pacha yuko sebuleni, namsikia anamchekesha Mama. Kabla ya hapo alipitisha picha chini ya mlango wangu. Mimi na mkutubi, mkono wake begani mwangu. Sikujua kuna aliyetupiga picha. Mwanga umekaa sawasawa, hadi mikunjo ya macho yake inaonekana. Sina nyingine ya mkutubi. Sitapata nyingine.

Mama anaita: hebu toka huko, mwenzio kaja na zawadi, una nini wewe leo?

Nilitaka kuichana. Nimeishika kwa kingo tu, nisije nikaiachia alama za vidole. Mama anagonga —