Fundi Yupo

Kwa binti yangu Kisigino,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, ile homa ya kifua imekuachia na kazi zinakwenda. Sisi tuliopo hatujambo. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini daktari amesema hajawahi kuona mgongo wa mtu wa miaka hamsini na minne ulionyooka hivi, akawaita wenzake waje kuutazama.

Najua utashangaa kupata karatasi. Umezoea kuandika kwenye tovuti ya duka na kujibiwa huko huko. Lakini haya siwezi kuyapitisha kule, kwa sababu kule kila neno hutoka na picha ya baba yako pembeni, nami leo nataka kusema kwa uso wangu mwenyewe. Anwani nimeinakili kutoka ule ujumbe ulioutuma ili uletewe viatu. Umeandika kwamba Jumamosi ijayo unapanda basi uje kumwomba baba yako radhi, miaka tisa tangu mgombane. Tafadhali, kabla hujakata tiketi, isome hii mpaka mwisho. Nitachelewa kufika penyewe. Unanijua baba yako mdogo, hawakuniita Redio bure.

Kwanza nikueleze tovuti ilivyozaliwa, maana niliyeileta ni mimi. Duka lilikuwa limepoa. Watu wenye mguu mfupi au mguu uliopinda ni wengi, ila hawajui kwamba nyuma ya duka la vyuma kuna kichochoro ambako mguu wao unaheshimiwa. Nikamwendea Mama Kopi, yule mwenye mashine za kutoa nakala, nikamwambia nataka tovuti na isiwe ya gharama. Akasema tovuti ya bei nafuu ni kama nguo iliyoshonwa tayari: unalipia jina lake kila mwaka, mengine unayakuta yamekwisha kukatwa, usije ukalalamika kwamba mikono ni mirefu. Nikamjibu mimi hata nikivaa gunia watu hugeuka. Tukamaliza asubuhi moja. Anasema wateja wengine humchukua wiki nzima, na bado wanaondoka hawajaelewa.

Akaomba picha ya fundi na maneno ya kuwakaribisha watu. Picha nilikuwa nayo, ile nzuri ya baba yako ameinua macho kutoka kwenye soli, nyundo mkononi, kama mtu aliyesikia akiitwa. Maneno sikuwa nayo. Ajabu, mimi nikose maneno! Basi nikamvuta Mama Kopi mpaka kichochoroni, nikamwonyesha ubao wa duka ambao baba yako aliuandika kwa mkono wake kabla wewe hujazaliwa: NIPO. LETE MGUU, NITAKUPA KIATU. Akayanakili hivyo hivyo. Akauliza mtu akituma ujumbe na hakuna wa kumjibu, tovuti imwambie nini. Nikasema imwambie hayo hayo, ni maneno yaliyolisha nyumba miaka thelathini. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Tovuti ile, binti yangu, imefunguliwa na watu wa nchi saba. Mmoja alitazama mara moja akaondoka bila hata salamu. Nadhani alikuwa rais. Unakumbuka ulivyokuwa ukicheka nikikuhadithia jinsi nilivyomuuzia mtu wa mguu mmoja pea mbili, nikimwambia mguu usiokuwepo nao una haki yake? Sasa hadithi ile hainichekeshi tena.

Kuna jambo moja sikulipenda tangu mwanzo. Kando ya picha ya baba yako pana kitone cha kijani, na chini yake pameandikwa Fundi yupo. Kinawaka duka likiwa wazi, kinawaka likiwa limefungwa, kinawaka mvua ikinyesha na umeme umekatika mtaa mzima. Nikamwomba Mama Kopi akizime. Akasema kitone kimekuja na nguo, kwa bei ile hakizimiki. Nikawa nailaza simu yangu, ambayo ndiyo hupokea ujumbe wa tovuti, kifudifudi juu ya meza ya kazi.

Unaijua ile rafu ya miguu ya mti ambayo baba yako alishonea viatu, kila mmoja na jina la mwenyewe kwenye kisigino. Ukikaa pale peke yako, miguu mia mbili inakuelekea, imesimama wima, hakuna hata mmoja unaopiga hatua. Simu ikiguna juu ya ubao, rafu nayo inatetemeka kidogo, kwa hiyo husikika kama watu wanaojisogeza. Na mara mbili nimeikuta nyundo upande wa kulia wa meza. Mimi ni wa kushoto, unajua. Sisemi kitu. Naandika nilichokiona.

Ujumbe wako wa kwanza ulifika Jumanne mchana. Uliandika: Baba, ni Kisigino. Upo? Mimi nilikuwa bado natafuta miwani. Nilipoifikia simu, tovuti ilikuwa imekwisha kukujibu yenyewe: Nipo. Lete mguu, nitakupa kiatu. Ukaandika kwamba unalia. Ukasema ulijiandaa kusubiri jibu lake mwezi mzima, au usilipate kabisa, kumbe alikuwa hapo hapo, kama mtu aliyekaa miaka tisa anakungoja.

Binti yangu, siku hiyo baba yako alikuwa na wiki kumi na moja kaburini.

Ni kifua. Kilimchukua kwa siku nne. Tulikutafuta, namba yako ya zamani ilipokelewa na dereva mmoja wa trekta, akatupa pole, akasema hakujui. Tovuti niliifanya baada ya mazishi. Wateja walikuwa wakichungulia mlangoni, wakinikuta mimi kwenye kigoda chake, mara wanakumbuka wana safari. Nikaona walau picha yake iwaingize ndani. Sikuwaza kwamba itakuingiza wewe.

Ningekuambia saa ile ile. Niliandika sentensi nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta. Mwisho nikauliza tu kama viatu vyako vimekwisha, nawe ukajibu haraka, kwa furaha, ukanieleza soli imelika upande gani. Basi. Miezi minne sasa nimekuwa baba yako. Viatu ulivyopokea nilivishona mimi, mtu wa mdomo, niliyekuwa nikikaa mbele na wateja huku yeye akifanya kazi. Nilijidunga vidole vyote. Uliposema cha kushoto kinabana, ukamtania baba yako kwamba sasa amezeeka, niliigeuza simu kifudifudi nikakaa chini kwenye vumbi la ngozi.

Kisha ukaisimulia siku ya ugomvi. Mimi nilikuwepo, nayakumbuka yote: alivyokuita mbele ya wateja, kama kawaida yake, utembee kwenda na kurudi waione ile soli nene na namna inavyokunyoosha, nawe ukavivua viatu ukaviweka mezani, ukasema umechoka kuwa ubao wa duka lake, ukatoka peku. Ukauliza kama amekusamehe. Jibu kwamba alikusamehe zamani ni langu. Sikulipata kwake. Hakuwahi kunitamkia hivyo, na katika zile siku nne hakutaja jina lako wala la mtu yeyote. Aliomba maji.

Nimekuibia, mwanangu. Uliomba radhi kwa baba, mwizi akaipokea. Mdomo huu umeponza vichwa vingi, lakini sikudhani ungefika hapa.

Kitu ninachokijua kwa hakika ni kimoja, na hiki sikukitia chumvi. Unaikumbuka kanuni ya rafu: mteja asiporudi miaka mitatu, mguu wake wa mti unapigwa randa, unapunguzwa, unakuwa wa mtu mwingine mwenye mguu mdogo. Mti mzuri hauachwi ukae. Kuteremsha ile ya kupigwa randa ilikuwa kazi yangu. Mwaka wa tatu tangu uondoke niliiteremsha yako, baba yako akairudisha rafuni. Mwaka wa sita hivyo hivyo. Mwaka huu, kabla hajaugua, niliiweka tena mezani, nikamwambia kaka, kanuni ni yako mwenyewe, au imebadilika? Hakuinua hata kichwa. Akasema hii iache, mwenyewe bado anatembea.

Ni hayo tu. Sijaongeza. Yapime wewe mwenyewe uone yanatosha kiasi gani.

Mama Kopi yuko tayari kuifunga tovuti, nimemwambia asubiri, kwa sababu ruhusa si yangu. Mimi kule siandiki tena. Ukitaka kumwandikia, mwandikie, lakini ujue haitakuwa mimi. Itakuwa ile yenyewe, nayo itakuambia yupo. Ilinijibu hata mimi. Jana nilimwandikia kaka yangu kwamba nimekosa, na kabla sijaiweka simu chini ikaguna.

Ukiamua usije, sitakulaumu. Ukija, Jumamosi nitakuwa kituoni tangu asubuhi, na kaburi nitakuonyesha mimi. Mguu wako wa kushoto nimeuteremsha, uko mbele yangu naandikia karibu yake, bado una jina lako kwenye kisigino kwa mwandiko wake. Nimepaona nilipokosea, ni pale kwenye kidole kidogo. Sitaki kukisia tena.

Wasalimie wote unaokula nao sahani moja. Mashangazi wanakusalimu, na Mama Kopi, ambaye amelia kuliko mimi na asikudanganye vinginevyo.

Ni mimi baba yako mdogo, si mwingine,

Redio