Koti Langu Kileleni mwa Mawenzi

Moshi,
Jumanne jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na kwa Mama, maana najua yuko hapo hapo anakutafutia miwani. Habari za Bweranyange? Goti lako linasemaje baada ya zile mvua? Na ile migomba ya nyuma ya jiko iliyolazwa na upepo, mmeipa miti ya kuegemea? Mimi ni mzima wa mwili. Kinachoniuma hakiko mwilini.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wiki hii nimepiga mara tatu. Kila ukipokea unaweka sauti kubwa, majirani wamekaa, unawaambia, "Nyamazeni, mpanda Mawenzi anaongea!" Basi ulimi unakwama, naishia kuuliza bei ya kahawa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Naomba uisome peke yako kwanza, kisha umsomee Mama. Mdogo wangu Adelina mpe aisome mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha vilele vya Kilimanjaro, darasani kwako, fimbo mkononi: Kibo, Mawenzi, Shira. Ulisema Kibo hupandwa na mwenye mapafu, lakini Mawenzi hupandwa na mwenye moyo. Darasa zima tuliimba hivyo bila kujua tunaimba nini. Sasa najua.

Kambini tuna mpishi, Mzee Aloisi, ambaye amezeekea mlimani, na habari za Mawenzi huzisimulia huku akimenya viazi. Anasema wazungu wa kwanza waliofika juu ya Kibo waligeukia Mawenzi wakidhani huyu ni mdogo mtu. Wakajaribu, wakarudi. Wakajaribu tena, wakarudi tena. Ikapita miaka mingi ndipo wengine wakafika. Tangu hapo wapo waliofika, wapo wengi walioishia chini ya mwamba, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Si urefu, Baba, maana Mawenzi ni mfupi kuliko Kibo. Shida ni jiwe lake. Ukilishika linabaki mkononi, kama ukuta wa udongo wa nyumba iliyohamwa.

Wachaga wanasema Mawenzi ana makorongo vile kwa sababu Kibo alimtwanga kwa mchi. Alikuwa anakuja kwa Kibo kuomba moto, akidanganya kwamba wake umezimika, kumbe anafuata chakula. Niliposikia hadithi hiyo mara ya kwanza nilicheka sana. Siku hizi Mzee Aloisi akiianza, mimi natoka hemani.

Msimu uliopita walikuja wageni watatu, wapanda miamba kweli kweli. Walitaka wagumu wawili, ndivyo wapagazi tunavyoitana huku, wawabebee kamba mpaka juu. Nikajitokeza mimi na Yohana. Yohana unamjua, Baba. Ni yule yule wa Songambele, mtoto wa wale wazee waliotoka Burundi, niliyekuja naye Moshi siku moja na tunaishi chumba kimoja. Ndiye aliyetuma wazee kwako kumposa Adelina.

Siku ya kwanza tulichelewa kuanza. Asubuhi barafu inayashika mawe, jua likipanda inayaachia. Yakaanza kuporomoka, tukajibanza, tukarudi. Siku ya pili ukungu ulifunga hata viatu vyangu sikuviona. Tukarudi. Siku ya tatu kulikuwa kweupe pe, na huo weupe ndio ulionimaliza, kwa sababu niliona chini.

Nilikumbatia mwamba. Nikakataa kupanda, nikakataa kushuka. Nililia, Baba, na sisemi kwamba machozi yalinilengalenga, la, nililia kwa sauti nikimwita Mama kwa Kinyambo mbele za watu. Na suruali ililowa. Nimeamua kusema yote, basi na hilo nimelisema.

Wale wageni walikuwa juu, hawakujua wanifanye nini. Aliyeshuka kunifuata ni Yohana. Alikuja hadi pua yake ikakaribia kunigusa, akasema, "Novati, nitazame mimi. Huko chini hakuna mtu wako. Mguu wa kushoto. Hapo. Sasa wa kulia." Hakunikaripia, hakunicheka. Alinishusha hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo mtu anaweza kukaa. Koti lake lilikuwa limechanwa na mwamba, upepo unaingia wote. Nikavua langu jekundu nikampa. Mfukoni mlikuwa na simu yangu na kile kifurushi cha kahawa ya kutafuna aliyonifungia Mama. Nikamwambia, "Ukifika, piga picha."

Alifika. Mmoja wa wale wageni ndiye aliyempiga picha kwa simu yangu.

Sasa unaelewa, Baba. Kwenye picha hiyo uso umezibwa kwa kofia ya baridi, miwani myeusi, hakuna kinachoonekana ila koti. Nilimtumia Adelina picha ile nikaandika, "Tumefika." Nakuapia, wakati ule sikuwa na nia mbaya. Lakini Mama aliona kiraka alichokishona kwenye kiwiko kwa mkono wake, akasema huyu ni mwanangu. Ukanipigia. Ukauliza, "Novati, ni wewe?" Ulikuwa unalia, na mimi sijawahi kukusikia ukilia. Nikajibu, "Ndiyo Baba, ni mimi."

Ni neno moja tu nilisema, nikadhani litaishia hapo. Kumbe ulienda Kayanga ukaisafisha picha, ukaiweka kwenye fremu ukutani, ukaipeleka hata kigangoni tukaombewa. Nikavishwa kilemba cha ukoka nikanyamaza, maana kilinikaa vizuri. Hata huku mtaani nilianza kutembea kwa mikogo, mjinga mimi.

Kisha wakaja wazee wa Yohana. Adelina alinisimulia yote kwa simu, analia. Walileta pombe ya rubisi, wakapiga magoti, wakasema shida yao. Ukawaambia wao ni watu wa kuja, hata kibanja wanalima cha kukodi. Halafu ukanyoosha kidole ukutani: "Mwanangu amefika Mawenzi. Huyo wenu amefika wapi?" Na kahawa haikuletwa. Wazee wazima waliotembea kutoka Songambele, wakaondoka nyumbani kwetu midomo mikavu, hawakupewa hata punje moja ya kutafuna. Kwetu hata anayekuja kuuliza njia hupewa kahawa. Adelina akaniuliza, "Kaka, na wewe ni rafiki yake, mbona huna hata neno moja la kumwambia Baba?" Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Yohana aliletewa habari hiyo na wazee wake. Aliingia chumbani akakaa kitandani, akavua viatu taratibu. Nikangoja anipige, na ningeshukuru. Akasema tu, "Usimwambie mzee wako. Mtu akijisifia mwanawe, utamnyang'anyaje?" Nikamwuliza, "Na Adelina je?" Akageukia ukuta. Mtu huyo tangu hapo bado ananiachia blanketi zito.

Aibu inanitafuna, Baba. Sina uso wa kumtazama yeye, sina uso wa kukutazama wewe. Nilipoogopa mwamba nilikuwa mwoga wa siku moja. Hii ya kunyamaza nimeifanya kila siku, na kila siku niliifanya kwa kupenda.

Adelina anasema wazee wale watarudi Jumapili baada ya mavuno ya kahawa, mara ya mwisho, na wewe umeapa jibu ni lile lile. Usibadili jibu kwa kunihurumia mimi. Nikasirikie. Waite majirani uwaambie mwanao ni mwongo, na kigangoni nitakuja kusema mwenyewe nikipata likizo. Lakini wale wazee usiwapime tena kwa sifa niliyomwibia mtoto wao.

Nisalimie Mama, mwambie kiraka chake hakijaachia. Msalimie shangazi wa Nyakakika, senene zake zilifika, na nusu alikula Yohana. Msalimie katekista, aniombee upya, safari hii kwa jina la kosa lenyewe. Adelina, mdogo wangu, sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani.

La mwisho, Baba. Vaa miwani, usogee kwenye ile picha. Utaona kiganja kimefunguliwa na vitu viwili vyeusi juu yake. Adelina anasema wewe huwaambia wageni kwamba niliokota mawe ya kileleni. Si mawe. Ni punje mbili za kahawa ya Mama. Moja Yohana aliiacha pale juu, akasema ni ya mwenye nyumba, yaani mlima. Ya pili aliitafuna. Kwa hiyo hao wazee wakirudi, usiseme hukumkaribisha mtoto wao. Kahawa ya nyumba yetu alikwisha kuila, na wewe mwenyewe ndiye uliyeitundika picha yake ukutani.

Ni mimi, mwanao niliyebaki chini,
Novati.