Kidonge Kimoja, Watu Wawili

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Niitikie marahaba hata kama una mzigo wa majani kichwani. Goti linaendeleaje? Kama bado linauma, mwambie baba achume kahawa mwenyewe, mikono anayo. Mimi mzima, na suruali za mitumba zinatoka, ingawa siku hizi kila kitu ruksa na kila mtu mfanyabiashara.

Uliuliza kama nalala. Mama, nimesinzia mpaka juu ya baiskeli! Kuna daktari mmoja, mama wa Kihindi, anachunguza homoni ya usingizi, ile ambayo ubongo huitoa giza likiingia. Anataka kujua kama mtu akiimeza kabla ya mazoezi, mwili utachoma mafuta kwanza na kuitunza sukari, ili asichoke upesi. Mimi na Musa wa Magomeni, mwenzangu wa biashara na wa mbio, tukajiandikisha. Unameza kidonge, unafunikwa pua na mdomo kwa kifaa cha kupima pumzi, kisha unaendesha baiskeli isiyokwenda popote. Atakayemaliza atapewa viatu vya mbio. Raba zangu zimekwisha soli, na mchujo wa timu ya mkoa umekaribia. Nilivitaka viatu vile kuliko chakula.

Daktari alisema wengine watapewa homoni yenyewe, wengine kidonge kitupu, na hakuna atakayejua kapata kipi. Musa hakupenda kabisa. Tulipokaa kwenye benchi kumeza, akakata chake kwa meno.

"Oya, mimi nile dawa, wewe ule chaki? Haiwezekani!"

Nami nikakata changu. Tukawa tunagawana kila mara.

Juzi daktari akatazama karatasi zake, kisha akatutazama tunavyopiga miayo pamoja.

"Mbona majibu yenu yanafanana kama mapacha?"

"Si tunagawana, daktari!" Musa akajibu, wala hana wasiwasi.

Daktari alishika kichwa, halafu akacheka mpaka akavua miwani. Lakini vipimo vyetu havifai tena, tumeondolewa, na viatu ndiyo basi. Roho imeniuma sana, sikufichi. Nitakimbia na raba hizi hizi.

Aliuliza tumejifunza wapi mambo yale. Nikamwambia nyumbani kwetu hakuna anayekula mbele ya mwenzake bila kumkatia.

Nisalimie baba, dada mkubwa na wanawe, na shangazi wa bondeni. Musa anakuamkia. Daktari naye anakusalimu: amesema nikuambie umelea vizuri, ila umemharibia utafiti wake.

Mwanao akupendaye,
Elia