Kompyuta Nne za Malili

Malili, 3 Agosti 1997

Dada Kaluki,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumai wewe na watoto huko Kitui hamjambo. Mama huko Kalamba yuko sawa, Jumapili alienda kanisani kwa miguu.

Ile kazi yangu nimeipangia bajeti. Ofisi moja Nairobi inauza kompyuta zilizotumika, elfu tisa kila moja. Nataka nne. Nikiziunganisha kwa waya zitagawana hesabu: mvua yote ambayo baba aliandika kwa daftari miaka thelathini, zitafute ni lini hasa mkulima apande. Moja pekee itahangaika wiki nzima. Ukiweka waya na fundi wa stima, jumla ni elfu arobaini na nane. Niko na thelathini.

Ndugu yako,
Mutie

Kitui, 17 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Barua nimepata. Tuko salama, ila Nthenya ana mafua. Hiyo akili yako inanifurahisha, lakini anza na mbili. Hizi elfu kumi na nane ninazotuma ni za mabati ya mama. Nyasi ya nyumba yake imeoza. Ezeka kabla ya mvua ya Oktoba.

Dada yako,
Kaluki

Malili, 2 Desemba 1997

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Barua zako tatu nilipata, nikaogopa kujibu.

Sikununua mabati. Nilinunua kompyuta zote nne. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu, mshahara ukija nitarudisha. Halafu hii mvua ikaanza, ikakataa kuisha. Jumanne iliyopita maji yalipenya ile nyasi, ukuta wa udongo wa nyumba ya mama ukaanguka. Jirani yetu Muli ndiye alimtoa. Mguu umevunjika, yuko hospitali.

Nilipofika aliniuliza, "Mutie, mashine zako hazijanyeshewa?"

Zilikuwa kavu kabisa, dada.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mutie

Kitui, 14 Desemba 1997

Mutie,

Mama tulimchukua, yuko kwangu na anakula vizuri. Matusi niliandika kurasa mbili, nikachana. Kosa ni lako, sitakuficha. Lakini tangu tumzike baba, mimi natuma pesa tu, sijakanyaga Kalamba. Ningekuja hata siku moja ningeona ile nyumba haijaezekwa.

Uza mashine mbili. Mbili ubaki nazo. Mama ndiye amesema, si mimi.

Krismasi nakuja. Tutachimba msingi wa nyumba mpya ya mama, mimi na wewe, na utaniambia yote ukiniangalia usoni.

Dada yako,
Kaluki