Majina Aliyoyataka Wakala wa Nepi

Jumanne, Mbinga

Daftari, juma zima umejificha chini ya godoro, nami nina ya kusema.

Leo alikuja wakala anayeniletea dukani nepi za watu wazima. "Shikamoo bibi. Niandikie majina ya wanaozinunua, nitakupa mwavuli."

"Marahaba. Andika mwenyewe: wote wenye makalio."

Akacheka, kisha akaniuliza tena. Sikujifunza kuandika uzeeni kwa kazi hiyo. Mteja wangu mmoja huzifuata kutoka Liparamba, nami humfungia chini ya dagaa wakavu aina ya usipa ili hata mkwewe asizione. Nikimtaja hatakuja tena, atalala amelowa.

Wakala kaondoka na mwavuli wake. Jina hata wewe sikuandikii. Ukijitokeza tena, niulize habari za kahawa tu.