Mota ya Baba na Volti Mia Nne

Jumatatu, 9 Oktoba

Watu wa kampuni ya umeme wamekuja. Alhamisi njia yetu yote inatoka volti 230 kwenda 400. Taa na jiko havitahisi kitu, wanasema. Lakini msumeno wangu wa meza! Mota ile ya Baba ikipewa 400 jinsi ilivyofungwa sasa, itaungua kabla sijapasua ubao wa pili. Na nimeahidi madirisha ya nyumba ya sala kabla ya theluji.

Kijana wao, mpole, alichungulia ndani ya mota. Hii inabadilika, mama, akasema, nakufanyia sasa hivi. Nikakataa! Akanishangaa. Lakini mota ile aliifunga kaka Anstein, na hapa kijijini nyumba gani hajaitia umeme? Akisikia nimemwita mtoto wa kampuni, itamuuma. Mikono yake inatetemeka siku hizi, ugonjwa umemshika kweli. Kichwa ni kizima.

Nimempigia simu. Mwambie huyo akanyonye kwanza, akasema. Atakuja mwenyewe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nilitaka kumpokea Anstein sanduku la zana, akanikata jicho. Haya.

Fyuzi kuu tukazima, akapima, akapima tena. Kazi yenyewe ndogo: vile vipande vya shaba vilivyosimama wima kati ya nyaya, vinalazwa mstari mmoja. Basi! Lakini nati. Ya kwanza ikamponyoka. Ikamponyoka tena. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao kuitafuta, na sikumtazama usoni. Mwishowe akasema, haya, wewe lete vidole, mimi nitaleta matusi. Ndivyo tulivyofanya — yeye anatukana, mimi nakaza. Nati zote zikarudi mahali pake.

Tukawasha. Mota ikanguruma safi — kinyumenyume! Meno ya msumeno yanakimbilia ukutani. Anstein alicheka mpaka akakaa chini. Nyaya mbili tu zibadilishane nafasi, akasema, lakini kesho. Alikuwa amechoka, mguu anauburuta.

Nimefurahi leo. Siku nyingi hatujacheka hivi, mimi na kaka yangu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua. Nimekuta Anstein ameshafika, amejifungia karakanani. Peke yake! Nikagonga. Nenda kapike, Gudveig, leo sitaki vidole vya mtu. Nikasikia kitu kidogo kikidondoka. Kikadondoka tena. Halafu sauti kama ya mtu anayelia — au ilikuwa mvua. Nikasimama pale mlangoni. Nikarudi jikoni.

Alitoka amelowa jasho, uso unang'aa. Tayari! Kifuniko cha mota amekifunga, skrubu zote. Mwenyewe, Gudveig, mwenyewe! Akala mkate na jibini la kahawia mpaka nikakata mwingine. Tangu daktari amwambie ugonjwa wake sijamwona hivi. Akajilaza kwenye kochi. Akiamka tunawasha.

Nikaenda kufagia. Chini ya mota, ndani ya vumbi — nati ya shaba. Karakana nzima haina nati ya shaba isipokuwa mle ndani. Kwa hiyo kuna waya haukukazwa. Tukiwasha hivyo mota inaungua, na atajua ni mkono wake.

Nikimwambia? Hatashika spana tena maisha yake, namjua. Nikifungua mwenyewe kimyakimya? Skrubu zile zina kutu, zinalia kama paka, naye usingizi wake mwepesi. Ee Mungu, ningekuwa nimemwachia yule kijana tu! Hapana. Hapana, kicheko cha jana kisingekuwepo.

Naandika hapa mezani, nati kiganjani, labda akili itanijia.

Kochi limelia. Ameamka, anatafuta viatu. Gudveig, twende bwana! Uwashe wewe, mimi nataka kutazama tu.

Nimemwambia kahawa kwanza. Amekaa mbele yangu, anatabasamu. Sasa anaangalia meza. Anauliza kwa nini naandika huku mkono wa kushoto nimeufumba.