Sweta la Mtungi wa Kifaransa

Jumatatu, 6 Julai
Nimefuta vumbi kwenye mtungi kabla ya chai, kama kila asubuhi. Kauri ya Kifaransa, imechorwa kwa mkono, kwa mtindo wa wale waliohusudu Ugiriki na Rumi ya kale: nguzo, mashada ya maua, ukingo wa dhahabu. Mabinti watatu wanacheza. Wawili wako kifua wazi. Mapadre wa zamani waliuacha hapa parokiani. Mimi, mhitimu wa elimu ya malikale, yaani mambo ya kale, ndimi mlinzi wake, kwa kujitolea.
Ijumaa Mkurugenzi wa makumbusho kutoka Dar es Salaam atakagua chumba chetu cha kumbukumbu. Akiridhika, nitaajiriwa. Asiporidhika, nitarudi kijijini kwetu Mwimbi kulima mahindi na shahada yangu.

Jumatano, 8 Julai
Mama Sikazwe, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, amekuja kuuona mtungi. Ameutazama mno.
"Mwanangu, hawa watoto wanakaa Sumbawanga hivi?"
Nikamfafanulia heshima ya umbo la mwanadamu katika sanaa ya kale. Nadhani nilifafanua vizuri.
"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini kwa baridi hii ya Julai?"
Akaupima mtungi kwa uzi. Sikutilia maanani.

Alhamisi, 9 Julai
Janga. Mtungi umevaa sweta. Sufu ya rangi ya waridi, vifungo vitatu vya urembo. Vishikio vyote viwili vimetiwa mikono. Limefumwa likabana shingoni na kitakoni. Halivuliki. Mama Sikazwe yuko Chala harusini, simu haipatikani. Nikikata, mkasi utakwaruza dhahabu.
Nina hasira. Hofu imezidi hasira.

Ijumaa, 10 Julai
Mkurugenzi alifika na shati la mikono mifupi, akitetemeka kwa baridi. Nikaamua kutoa maelezo yote kama nilivyoyaandaa.
"Chini ya kifungo cha pili, Mheshimiwa, kuna binti anayecheza."
Hakucheka. Nilipofika kwenye nguzo za Kigiriki nikanyoosha mkono kwa madaha. Mtungi ukaanguka.
Ukadunda kidogo kwenye saruji, ukabingirika, ukakomea kwenye kiatu chake. Akauinua, akagonga ukingo kwa ukucha. Ukalia safi. Hauna ufa.
Akaupakata kifuani. Nadhani alikuwa anajipasha joto.
"Kijana, nani kafuma hili?"
Nikamtaja Mama Sikazwe. Suala la ajira hakuligusa. Sikula usiku.

Jumamosi, 11 Julai
Mkurugenzi amepiga simu. Nimeajiriwa. Amesema anayeweza kueleza kisichoonekana ataeleza chochote. Pia anaomba sweta. La kijani.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya misa Mama Sikazwe alivuta uzi mmoja tu, sweta lote likafumuka.
"Umehangaika bure, mwanangu. Si ungeniuliza?"
Akaondoka na sufu yake, aende kuanza lile la kijani la Mkurugenzi. Mabinti ni wazima. Wanacheza.
Jioni upepo wa baridi umeanza kuvuma kutoka upande wa Pito. Nimewatazama mabinti kidogo.
Nimefunga dirisha.